Nani Anakula Kompyuta Hii?

Idi ilipita salama. Pilau ililiwa, nguo mpya za mtoto zikapata doa la kwanza, wageni wa Kivinje wakarudi kwao, na kompyuta ya Zuwena ikaanza kuugua.

Haikuzima. Afadhali ingezima, mtu akajua moja. Asubuhi iliwaka kama kawaida, ikamwonyesha picha ya mwanawe Ahmadi akicheka na meno yake mawili, ikampa moyo. Lakini alipofungua kazi ya Lindi na kuteremsha picha mbili tatu kwenye ukurasa, kipanya kiliganda. Herufi alizogonga zilichelewa kutokea, kama mtoto mkaidi anayeitwa na hataki kuitika. Kisha skrini nzima ikawa nyeupe. Imestaki. Akasubiri. Ahmadi akalia, akamnyonyesha, akamlaza, akarudi, bado nyeupe. Akazima, akawasha, na nusu ya alichokipanga ikawa imekwenda na maji.

Na kazi ya Lindi haikuwa ya kusubiri. Dada Salome, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji kule Lindi mjini, alikuwa anatafuta mtu wa kupanga kurasa. Hakutaka vyeti. "Mdogo wangu, cheti hakipangi ukurasa," alimwambia Zuwena kwenye simu. "Nakutumia maneno na picha za kijitabu cha wakulima wa mwani. Kipange uonavyo wewe. Ijumaa jioni kiwe kimenifikia. Kikinipendeza, nafasi yako, na chumba cha uani kipo, njoo na mtoto wako."

Zuwena alikata simu akakaa chini palepale jikoni. Shule aliiacha kidato cha pili. Alichokijua cha kompyuta alikipata kwenye masomo ya jioni, katika kile chumba cha nyuma ya soko la hapa Masoko ambako Mwalimu Sipriani anafundisha watu wazima, wauza samaki na mama lishe, wote wamekaa kwenye viti vya plastiki wakitafuta herufi moja moja. Hakuwahi kupata kitu kwa mikono yake mwenyewe ambacho mtu wa mbali amekitaka. Hiki kilikuwa cha kwanza.

Mumewe alikuwa Abdulrazak, fundi pikipiki, mwenye gereji ya turubai jirani na stendi. Ndiye aliyekuwa akimpeleka darasani kila jioni na kumngoja nje, mtoto amemweka mbele ya tangi. Wenzake walimtania: "Razaki, umeoa au umeajiriwa udereva?" Naye anajibu bila kuona haya: "Namsomesha injinia, nyie endeleeni kusomesha ugoro." Zuwena alikuwa akisikia hivyo kupitia dirishani, katikati ya somo, na moyo unamjaa hadi hasikii mwalimu anasema nini.

Kwa hiyo kompyuta ilipoanza kustaki, yeye ndiye wa kwanza aliyeambiwa.

"Baba Ahmadi, njoo uone. Imeganda tena."

Abdulrazak alikuja na kipepeo cha jikoni, kile cha ukili cha kupulizia mkaa. Akachuchumaa kando ya kisanduku cha kompyuta, akaanza kukipepea.

"Unafanya nini wewe?"

"Injini ikichemka inapozwa."

Wakacheka mpaka Ahmadi naye akacheka asichokijua. Basi ikawa ndiyo desturi ya wiki ile: Zuwena anagonga, Abdulrazak anapepea.

Kupepea hakukusaidia. Zuwena akafungua lile dirisha alilofundishwa, linaloonyesha kila programu inakula kiasi gani, na hapo kwenye mstari wa RAM akakuta asilimia tisini na sita, kwa rangi nyekundu ya kuudhi.

Mwalimu Sipriani alikuwa amewaeleza RAM kwa lugha ya huku. Diski, alisema, ni ghala la korosho; unaweka, unafunga, unaondoka, korosho zipo. RAM ni jamvi unalotandika mlangoni mwa ghala unapochambua. Kazi yote inafanyika juu ya jamvi. Likijaa, hata uwe na wachambuaji hodari namna gani, watagongana viwiko, na mwisho kazi inasimama. "Kwa hiyo mashine ikizidiwa," alisema, "angalia nani amekaa kwenye jamvi na hana kazi. Mwinue."

Zuwena akawainua. Alifunga programu ya muziki. Akafunga kurasa za mtandao, akabakiza moja. Akaiondoa kabisa ile programu ya kadi za harusi, iliyokuwa ikijiwasha yenyewe asubuhi. Akaizima na kuiwasha mashine. Tarakimu ikashuka, akapumua, akaanza kazi. Picha ya kwanza ya wanawake wakianika mwani, sabini na nane. Ya pili, themanini na tisa. Ya tatu, tisini na sita, na kipanya kikaganda.

Hilo ndilo lililomtia wazimu. Kabla ya Idi alipanga kitabu cha picha za maulidi chenye kurasa nyingi kuliko hizi, na muziki unapiga, na wifi yake Esha amefungua tamthilia pembeni, na mashine haikukohoa. Kazi ileile, mashine ileile. Sasa ni nani anakula kompyuta hii?

"Mimi naijua dawa yake," Esha alisema. Alikuwa amejiegemeza mlangoni, Ahmadi kambeba kiunoni, mdomoni anatafuna muwa. "Inataka kuolewa. Umeiweka peke yake pembeni mwaka mzima, unadhani haina moyo?"

Esha alikuwa mdogo wake Abdulrazak, tumbo moja. Alikuja kukaa nao baada ya kuachika, kutoka kwa mama yao Kitomanga, na kazi aliyojipa ilikuwa kumshika Ahmadi na kumchokoza wifi yake. Utani wao ulikuwa hauna mpaka.

"Toka hapa na muwa wako, utaniletea sisimizi."

"Sisimizi wataingia wapi wifi, na umesema mwenyewe humo ndani kumejaa?"

Zuwena alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani, kwa maana macho yake yalikuwa yametua kwenye flashi nyekundu iliyochomekwa mbele ya kisanduku. Ilikuwa ya Esha. Esha alikuwa akiipeleka kwa mashoga zake, inarudi imejaa nyimbo na tamthilia, na nani ajuaye nini kingine.

"Hii flashi umeitoa wapi safari hii?"

"Kwa Lightness wa saluni. Ina tamthilia mpya, ngoja nikuoneshe, yule mwanamke…"

"Esha, hii ndiyo inayoniletea virusi."

"Virusi?" Esha akaangua kicheko. "Mimi?"

Kama ingekuwa siku nyingine, yangeishia pale. Lakini Abdulrazak alikuwa amekaa kwenye kigoda akifuta mikono grisi, naye akasema taratibu, bila kuinua macho: "Inawezekana. Esha anachomeka kila kitu. Mimi mwenyewe nimemwona."

Zuwena akamgeukia wifi yake kwa macho mengine. Akaipitisha programu ya kusaka virusi usiku kucha mashine ikiwaka, ikasaka na kusaka, ikapata viwili vitatu vya kijinga ndani ya ile flashi. Akavifuta. Tarakimu haikushuka. Lakini mtu aliyekwisha kumpata mwizi hatafuti tena mwizi. Anatafuta tu mahali wizi ulipofichwa. Akamkataza Esha kugusa kompyuta. Akaanza kumuuliza maswali ya kipolisi: jana uligusa nini, juzi ulifungua nini, mbona hii imesogea. Na kila alipouliza, Abdulrazak alikuwepo, hasemi ndiyo wala hapana, anakohoa kidogo tu.

Siku ya nne Zuwena alipoteza ukurasa mzima wa katikati, ule wenye mchoro wa vichanja vya kuanikia, aliokuwa ameuhangaikia tangu alfajiri. Akapiga meza. Akamwona Esha anapita na ndoo.

"Mimi nakesha natafuta riziki ya nyumba hii, wewe unaniharibia kwa tamthilia zako! Ndiyo maana huko ulikotoka walikushindwa!"

Lilitoka kama lilivyotoka. Ndoo ikawekwa chini. Esha alisimama akimtazama. Akaingia chumbani, akafunga nguo zake kwenye kanga.

"Wifi, mimi nina makosa mengi," alisema alipotoka. "Mvivu wa kuosha sufuria, sawa. Mropokaji, sawa. Lakini la kompyuta yako silijui." Kisha akamgeukia kaka yake. "Kaka, huna la kusema?"

Abdulrazak akatazama nje. "Nenda ukapumzike kwa mama kidogo, Esha. Mambo yatulie."

Akampakia mwenyewe kwenye pikipiki hadi stendi, akamkatia tiketi.

Siku iliyofuata nyumba ilikuwa kimya na mashine ilikuwa kwenye asilimia tisini na sita.

Zuwena aliitazama ile tarakimu muda mrefu, Ahmadi amemng'ang'ania shingoni kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumng'ang'ania. Flashi haipo. Esha hayupo. Virusi havipo. Na sasa hata saa mbili za kufanya kazi hazipo, maana mtoto hakubali kuwekwa chini. Siku mbili zilibaki kufika Ijumaa.

"Iache tu, mke wangu," Abdulrazak alimwambia asubuhi hiyo akinywa chai, na mkono wake ulikuwa laini begani mwake. "Unakonda. Kazi zipo, nyingine itakuja. Mungu hakukuandikia hii."

Alimpenda kwa maneno hayo. Ndiyo aibu yake ya baadaye, kwamba wakati ule alimpenda, akalia kidogo kifuani pake, na yeye akamfuta machozi kwa kiganja kinachonuka petroli.

Alipokwenda gereji, Zuwena akampigia simu Mwalimu Sipriani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Zuwena. Mbona sauti imekonda?"

Akamweleza yote: picha, kuganda, programu alizozifunga, virusi, kila kitu isipokuwa Esha. Jina la Esha aliona aibu kulitaja.

"Inasoma asilimia ngapi?"

"Tisini na sita."

"Asilimia tisini na sita ya ngapi?"

"Ya RAM, mwalimu."

"Najua ya RAM, mwanangu. Ya ngapi? Juu, pembeni kulia, jumla yake imeandikwa."

Zuwena akainamia skrini. Kila siku alikuwa akilitazama dirisha lile, na macho yake hayakuwahi kupanda hadi pale juu. Nani anahesabu vyumba vya nyumba yake mwenyewe? "Nne," alisema.

Upande wa pili kuku walisikika wakigombana, kisha mwalimu akasema, "Soma tena."

"Nne, mwalimu."

"Hapana. Hiyo mashine nimekufungia mimi mwenyewe vipande viwili vya RAM, kila kimoja nne. Panatakiwa pasome nane." Akafikiri. "Lakini usiogope. Huku kwetu hewa ya chumvi inakula kila kitu, kimoja kinaweza kuota kutu mguuni mashine isikione tena. Zima, chomoa umeme, fungua kava. Kitoe, kisugue meno yake kwa kifutio cha penseli, taratibu, kirudishe. Kitaonekana."

Zuwena alishukuru mara tatu. Chumvi! Ni chumvi tu, ya Mungu, haina mwenyewe. Akamlaza Ahmadi, akatafuta kifutio, akageuza kisanduku mgongo.

Kava lilishikwa na skrubu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kompyuta, ya fedha, fupi, akaifungua kwa bisibisi. Ya pili haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa nyeusi, nene kuliko mwenzake, kichwa chake kina tundu la pembe sita, na iliingizwa kwa nguvu hadi imekaa mshazari. Bisibisi haikuiwezea. Ikabidi aende kwenye kopo la maziwa la mumewe, lililo juu ya kabati, atafute ufunguo wake. Ndani ya kopo zilikuwepo skrubu nyeusi kama ile, nyingi, zile za kufungia kava za ubavuni za pikipiki.

Hakutaka kufikiri. Akafungua.

Ndani kulikuwa na vumbi, vumbi la miezi, limelala kwenye kila kitu kama unga. Kipande kimoja cha RAM kilisimama mahali pake, nacho kina vumbi. Pembeni yake palikuwa na mtaro mtupu, vishikizo vyake viwili vimefunguliwa pande zote, na mtaro ule ulikuwa safi.

Mtu akiwa hataki kujua jambo, mikono yake hufanya mambo ya kijinga. Zuwena alikiinamisha kisanduku, akakitikisa, eti labda kipande kimedondoka. Akapapasa chini ya meza. Akakunja mkeka. Wiki nzima alikuwa amehesabu waliokaa, akawafukuza mmoja baada ya mwingine, na mwisho akamfukuza hata mtu. Hakuwahi kufikiri kwamba jamvi lenyewe limekatwa nusu.

Moyo ukajaribu tena: labda Esha. Lakini Esha skrubu ya pikipiki angeitoa wapi, naye hajui hata kopo hilo lina nini? Na Esha angekificha kipande kwa nini, mtu ambaye kompyuta ikipona ndipo anapata kuona tamthilia?

Akakaa chini na ile skrubu mkononi. Hapo ndipo kila kitu kilipoanza kurudi kwa namna nyingine. Kukohoa kidogo. "Inawezekana. Mimi mwenyewe nimemwona." Tiketi aliyoikata haraka. Na yule mtu mwenye kipepeo, aliyechuchumaa kando ya kisanduku anapepea, anacheka, na anajua.

Abdulrazak alirudi baada ya swala ya alasiri, kabeba mkate wa kumimina uliofungwa kwenye gazeti, maana alijua mkewe anaupenda. Akakuta kisanduku wazi juu ya meza.

"Asalaam alaikum. Kumbe leo tumehamia ufundi?"

"Waalaikum salaam." Zuwena akanyoosha mkono. "Hii ya kwako."

Aliipokea kabla hajaiona ni nini. Akaiona. Mkate akaufikisha mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Ile ya kompyuta ilinidondoka," alisema. "Nikaitafuta, sikuiona."

Hakukana. Zuwena alikuwa amejiandaa kwa kukana. Alikuwa na maneno ya kuvunjia kukana, ameyapanga mchana kutwa. Yakabaki mdomoni hayana kazi.

"Kiko wapi?"

Akatoka hadi kwenye pikipiki, akarudi na soksi ya Ahmadi, ile ya bluu waliyodhani imepeperushwa na upepo kwenye kamba. Ndani yake kipande cha RAM kimefungwa karatasi, kimewekwa vizuri kabisa.

"Sikutaka kiharibike," alisema. "Ningekirudisha."

"Lini?"

Akaiweka soksi mezani, akainyoosha kwa kidole.

"Lini, Baba Ahmadi?"

"Baada ya Ijumaa."

Kama angesema neno jingine lolote, kama angesema kesho, kama angesema sijui, huenda Zuwena angepata pa kushikia. Lakini Ijumaa. Alikuwa ameipigia hesabu.

"Ungeniambia hapana," Zuwena alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, naye akaichukia. "Wewe ni mume. Ungesema, Zuwena, sitaki uende Lindi. Tungegombana, tungenuna, tungekaa na wazee. Una mdomo."

"Ningesema hapana ungeniona mbaya."

"Na sasa nakuonaje?"

Abdulrazak alikaa kwenye kigoda. "Ukienda Lindi utazoea," alisema akitazama viganja vyake. "Utakaa na watu wa vitabu. Siku ukirudi hapa utaona nini? Mtu wa grisi. Sikutaka kukuvunja. Nilitaka tu uchoke mwenyewe."

"Nichoke mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na Esha?"

Hapo aliinamisha kichwa kabisa.

"Esha ni damu yako! Nimemtukana talaka yake mbele yako, umekaa unafuta mikono. Umempakia kwenye pikipiki. Njiani mlizungumza nini? Mlikuwa mnasema nini, niambie, kuanzia hapa hadi stendi?"

"Alikuwa analia," Abdulrazak alisema. "Sikusema kitu."

Akainuka, akachukua kipande cha RAM, akasogea kwenye kisanduku. Pengine alidhani kurekebisha ni kuanza kuomba radhi. Mafundi ndivyo walivyo. Zuwena akakishika kisanduku kwa mikono miwili, akakivutia upande wake.

"Usiguse. Nipe."

Akasugua meno ya kipande kwa kifutio, ingawa hayakuwa na kutu. Akakilinganisha na mtaro, akakandamiza kwa vidole gumba vyote viwili hadi vishikizo vikaitika pande zote, ka, ka. Akafunga kava kwa ile skrubu moja. Akawasha. Hakuitazama picha ya Ahmadi. Akafungua dirisha lake, akasoma juu kulia: nane. Akafungua kazi ya Lindi, akateremsha picha zote kwa pamoja, wanawake, vichanja, magunia, bahari imekauka. Zikakaa. Kipanya kikaenda alikokiambia.

Alidhani atafurahi. Wiki nzima alikuwa amejiambia siku itakayopona atapiga kigelegele. Kumbe alikaa tu pale, na machozi yakateremka bila sauti, kwa sababu mashine nzima ilikuwa ushahidi.

Kisha akachukua simu.

"Unampigia nani?" Abdulrazak aliuliza.

"Wifi yangu."

"Mama Ahmadi." Alisema kwa kunong'ona. "Nisitiri. Mwambie ilikuwa chumvi. Mwambie arudi, nitamwomba msamaha kwa njia yangu. Mama akijua…"

Zuwena alifundwa, kama mwanamke yeyote wa pwani hii alivyofundwa: ya ndani hayatoki, aibu ya mume ni nguo yako, ukiivua unatembea uchi mwenyewe. Aliwaza hayo simu ikiita. Akawaza kuwa nguo hiyo ilikuwa imekatwa kwa kitambaa cha mtu mwingine. Esha alipopokea, Zuwena akaweka sauti ya nje.

"Haya, injinia," Esha alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Kompyuta imepona?"

"Imepona, wifi."

"Ilikuwa na nini?"

Zuwena akamsukumia mumewe simu juu ya meza. "Mwambie wewe."

Akaivuta simu karibu. Mwishowe Abdulrazak alisema alivyochomoa kipande na nane ikabaki nne, kwa maneno machache, amefumba macho. Alipomaliza, upande wa Kitomanga ulisikika mchi ukitwanga mbali.

"Kaka," Esha alisema. "Nilipofika hapa, unajua mama aliniuliza nini? Hakuniuliza nimefanya nini. Aliniuliza nimeiba nini." Mchi ukatwanga. "Sasa usimwite mama kwenye simu. Njoo mwenyewe. Uje umwambie nikiwa nimekaa hapo."

"Nitakuja."

"Na wewe wifi."

"Abee."

"Lile neno ulilonitupia, la kuachika. Hilo hakukutuma kaka."

"Hakunituma. Ni langu. Nisamehe, Esha."

"Sijui. Bado linaniuma." Akavuta pumzi. "Halafu injinia mzima, umesomeshwa na kupakiwa pikipiki, umeshindwa kuhesabu mpaka nane?"

Zuwena akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Usiku ule hawakulala chumba kimoja. Kesho yake Abdulrazak alikwenda Kitomanga, akarudi jioni uso umemshuka, hakusema alichoambiwa. Zuwena hakumuuliza. Alipanga kurasa. Alimpanga mwanamke mwenye kanga ya njano kwenye jalada, amebeba mwani kichwani, akaacha nafasi nyeupe mbele yake, ya kupumulia. Alhamisi usiku haujaingia, kijitabu kilikuwa kimekwenda Lindi.

Simu ya Dada Salome ililia Jumatatu, wote wawili wakiwa mezani. Tangu siku ile walikuwa wakila pamoja kwa ajili ya mtoto, wanapitishiana chumvi kwa adabu ya wageni.

"Mdogo wangu, lile jalada nani alikufundisha kuacha nafasi vile?" Dada Salome alisema. "Basi, nakutaka. Lakini nikuulize mapema, maana nimeshaumwa na mambo haya. Mumeo anasemaje? Ameridhia?"

Abdulrazak aliacha kutafuna. Zuwena alimtazama, mtu aliyempenda tangu ana miaka kumi na minane, na kitu kibaya kuliko vyote ni kwamba sura ilikuwa ileile, haikubadilika hata ukope.

"Yupo hapa anasikia, dada," alisema. "Nitakuja. Mimi na mtoto, na wifi yangu amekubali kunishikia mtoto. Mwezi ukiandama."

Alipokata simu, Abdulrazak aliuliza, kwa sauti ya mtu anayegonga mlango asioujua, "Na mimi?"

Zuwena alimfuta Ahmadi mdomo, akamshusha chini, akamwacha ashike mguu wa meza na kujisimamisha.

"Wewe bado sijajua," alisema.